Kijani ni Kulia: Vijana Wetu na Taa za Vyombo vya Majini

Msomaji anayeitazama ramani ya mkoa wetu wa Singida aweza kushangaa kusikia kamati ya msikiti wa huku ikishughulika na taa za vyombo vya majini. Sisi ni watu wa nchi kavu. Tunajulikana kwa alizeti, vitunguu, kuku wa kienyeji na majabali yaliyopandana. Maziwa ya Singidani na Kindai, yaliyo kando ya mji wetu, ni ya maji ya chumvi, wala hayana safari za meli. Ziwa Kitangiri huko Iramba, lipokealo maji ya Wembere na kuyapeleka Ziwa Eyasi kwa njia ya Mto Sibiti, lina wavuvi wake na mitumbwi yao, basi.

Hata hivyo, haupiti mwaka bila vijana wa mitaa yetu kupanda basi la Mwanza, kupitia Nzega na Shinyanga, kwenda kutafuta riziki katika uvuvi wa dagaa wa Ziwa Victoria. Huondoka wakilijua jembe na ng'ombe. Hufika mahali ambapo uhai wa mtu hutegemea nukta ya mwanga gizani, na hakuna aliyewafundisha kuisoma nukta hiyo. Tunaandika makala haya kwa sababu mmoja wao tulimzika.

Alikuwa kijana wa safu ya pili katika swala ya Alfajiri, mwenye umri wa miaka 22. Wenziwe wawili walionusurika walitueleza yaliyotokea. Usiku ule mtumbwi wao ulikuwa umetulia mbali na kisiwa, wakivuta nyavu. Walikuwa wamezima taa ya kuvutia dagaa, kama ifanywavyo wavu unapokaribia kujaa. Taa nyingine hawakuwa nayo. Boti ya mizigo yenye injini ikaja kwa kasi, nayo haikuwa na taa. Waliusikia mngurumo kabla hawajaona kitu, na kwa kuwa sauti juu ya maji husambaa, hawakujua unatokea upande gani. Boti iliupiga mtumbwi ubavuni. Wawili waliokolewa na wavuvi wa karibu. Wa tatu alipatikana siku ya pili.

Siku ya matanga wazee wetu walimfariji mama yake kwa maneno ya kweli. Walimkumbusha kwamba Mtume (s.a.w.) amemhesabu aliyekufa kwa kuzama majini miongoni mwa mashahidi, na kwamba ajali na ajali, yaani mkasa na muda wa mtu, vyote viko mikononi mwa Allah (s.w.). Mama alisikiliza, akashukuru, kisha akauliza: "Mbona hawakumwona?" Akanyamazishwa kwa upole, akaambiwa asiingie katika maneno ya "lau ingekuwa". Lakini yeye hakusema "lau". Aliuliza swali lenye jibu, na jibu lake halipingani na kadari.

Katika vyuo vyetu tulisomeshwa kwamba kuamini kadari hakuondoi wajibu wa kushika sababu. Ni mashuhuri ile hadithi aliyoipokea Tirmidhi, ya mtu aliyemuuliza Mtume (s.a.w.) kama amwache ngamia wake huru na kutawakali, akaamrishwa amfunge kwanza ndipo atawakali. Shahada ya aliyezama ni rehema kwake na faraja kwa wafiwa. Haikuwekwa iwe kinga ya mwenye chombo anayepeleka watu gizani bila taa. Tukiigeuza hivyo, tutakuwa tumeichukua rehema ya Mola wetu tukaifanya kisingizio cha mwenye kudhulumu.

Nchi yetu imelia mara nyingi kwa misiba ya majini. Meli ya MV Bukoba ilizama tarehe 21 Mei 1996, karibu na Mwanza, ikiwa na mamia ya watu. Kivuko cha MV Nyerere kilipinduka karibu na kisiwa cha Ukara tarehe 20 Septemba 2018, na zaidi ya watu 220 wakafariki. Misiba hiyo haikuwa ya taa. Ilihusu wingi wa watu na mizigo kuliko chombo kinavyostahimili. Lakini imeandikwa, imeundiwa tume, na taifa limeomboleza. Mtumbwi wa watu watatu hauundiwi tume. Hulia nyumba moja, na mwezi ufuatao vijana wengine watatu huingia katika mtumbwi mwingine.

Tulianza kutafuta jibu la swali la mama. Katika mtaa wetu yupo mzee aliyefanya kazi ya ubaharia ziwani kwa miaka mingi kabla ya kurejea nyumbani. Tulipomwendea hakushangaa. Alituambia: "Ustadhi, gizani chombo hakionekani, kinasomwa. Asiyejua kusoma taa hana tofauti na kipofu." Kisha akatusomesha kama mwalimu wa chuo anavyosomesha herufi.

Chombo chenye injini kinachotembea usiku hubeba taa nne. Ya kwanza ni nyeupe, huwekwa juu ya mlingoti na kuangaza mbele kwa upana wa nyuzi 225. Ya pili ni nyekundu, upande wa kushoto wa chombo. Ya tatu ni kijani, upande wa kulia. Kila moja kati ya hizi mbili huangaza nyuzi 112.5, kuanzia mbele kabisa hadi nyuma kidogo ya ubavu. Ya nne ni nyeupe, tezini, ikiangaza nyuma kwa nyuzi 135. Mwenye kujumlisha ataona kuwa 225 na 135 ni 360, yaani duara kamili: inapoishia taa ya mbele ndipo inapoanzia ya nyuma. Hakuna mahali mtu atakaposimama asione walau taa moja, na taa aionayo humweleza yuko upande gani wa chombo. Boti ndogo isiyofika mita 12 yaruhusiwa kuziunganisha zile nyeupe mbili kuwa moja inayoangaza pande zote, lakini nyekundu na kijani hubaki.

Lugha hii si ya nahodha mmoja wala ya ziwa moja. Imeandikwa katika Kanuni za Kimataifa za Kuzuia Migongano Baharini, zilizopitishwa mwaka 1972 na kuanza kutumika mwaka 1977. Kanuni hizo zilitungwa kwa bahari na maji yaliyoungana nayo yanayopitika kwa meli. Ziwa la ndani ya bara husimamiwa na sheria za nchi zenyewe, na kwetu msimamizi ni Shirika la Uwakala wa Meli Tanzania, TASAC. Lakini maana ya rangi ni moja. Nyekundu ya Mwanza ndiyo nyekundu ya Zanzibar na ya Muscat.

Vijana wetu walihofia kwamba watasahau ipi ni ya kulia. Mzee akacheka, akasema: "Wajukuu zangu, mkono wa kulia ndio wa kulia chakula. Na sisi Singida twalia nini? Ugali na mlenda. Mlenda una rangi gani?" Tangu siku hiyo hakuna aliyekosea. Sisi tuliongeza kwamba katika Surat Al-Hadid, aya ya 12, Qur'an inaeleza juu ya nuru ya waumini Siku ya Kiyama ikitangulia mbele yao na kuliani kwao. Hatudai kwamba aya ile inazungumzia meli, hasha. Lakini anayeihifadhi hatasahau kuutazama upande wa kulia.

Baada ya swala ya Isha tulikusanyika katika uwanja wa madrasa, taa zote zikiwa zimezimwa. Kijana mmoja alifungwa tochi mbili mabegani, moja imefunikwa kwa kikombe chekundu cha plastiki na nyingine kwa kipande cha chupa ya kijani ya soda. Kichwani akawa na tochi nyeupe iliyoelekea mbele, na mgongoni nyingine iliyoelekea nyuma. Akatembea gizani huku na huku, na wenziwe wakatakiwa waseme anaelekea wapi bila kumwona mwili.

Wakajifunza kwamba ukiona nyekundu na kijani kwa pamoja, na nyeupe juu yake, chombo kimekuelekezea omo, kinakujia wewe. Ukiona kijani peke yake, unauona ubavu wake wa kulia, nacho kinakwenda kuelekea mkono wako wa kulia. Ukiona nyekundu peke yake, kinakwenda kushoto kwako. Ukiona nyeupe moja tu, huenda kinakuacha, huenda kimetia nanga, au huenda ni mtumbwi mdogo, usiharakishe kuhukumu. Meli ndefu, kuanzia mita 50, hubeba taa mbili nyeupe za mlingoti, ya mbele ikiwa chini kuliko ya nyuma. Taa hizo mbili zikisimama wima moja juu ya nyingine, jua kwamba meli imekulenga. Meli mpya ya MV Mwanza, iliyoshushwa majini Februari 2023, ina urefu wa mita 92.6, chombo kama hicho hakisimami kama baiskeli, na anayekiona ndiye mwenye nafasi ya kujiokoa mapema.

Mzee alisisitiza jambo moja kuliko yote. Taa ikionekana mahali palepale, isisogee kulia wala kushoto, huku ikizidi kukua, hiyo ni hatari ya kugongana, hata kama iko mbali. Taa inayosogea itapita. Taa iliyotulia inakufuata wewe. Tena, mwenye injini akimwona mwenzake mwenye injini akimkatiza kutoka kulia, yeye ndiye wa kumpisha. Na katika hali hiyo taa atakayoiona kwa mwenzake ni nyekundu.

Je, mtumbwi wa makasia? Kanuni hazikuuacha. Chombo cha makasia, kikiwa hakina taa za rangi, hutakiwa kuwa na tochi au taa nyeupe iliyo tayari, ionyeshwe mapema kiasi cha kuzuia mgongano. Mashua ndogo yenye injini, isiyofika mita 7 na isiyozidi mwendo wa maili 7 za baharini kwa saa, yaweza kutosheka na taa moja nyeupe inayoangaza pande zote. Tunaomba msomaji atafakari udogo wa takwa hili. Mtumbwi uliomchukua kijana wetu haukuhitaji mitambo. Ulihitaji tochi moja katika mkono wa mtu aliyejua wakati wa kuiwasha.

Twapaswa kutaja pia tatizo la uvuvi wenyewe. Dagaa huvuliwa kwa mwanga. Zamani ilikuwa karabai. Siku hizi taa za sola zimeenea, zikielea juu ya maji kuzunguka mitumbwi. Atazamaye kutoka ufukweni huona kama mji mzima umejengwa ziwani. Mwanga huo huwavuta samaki, lakini haumwelezi nahodha kitu: ipi ni taa ya kuelea, upi ni mtumbwi wenye watu, zipi ni nyumba za kisiwani? Zaidi ya hayo, aliyekaa saa nzima akitazama mwanga mkali, ukizimwa huwa haoni. Jicho huhitaji kama nusu saa kulizoea giza. Kwa hiyo dakika ile taa inapozimwa ili wavu uvutwe ndiyo dakika mvuvi haoni wala haonekani.

Kijana mmoja alituuliza swali lililotufurahisha. Alisema: "Ustadhi, si tumefundishwa kwamba Mtume ameamrisha taa zizimwe usiku tunapolala?" Ni kweli, hadithi hiyo imo katika Sahih ya Bukhari. Lakini sababu yake imetajwa humohumo: panya aweza kuukokota utambi akaiunguza nyumba na waliomo. Hukumu hufuata sababu yake. Nyumbani taa ya utambi ilizimwa ili watu wasife. Ziwani taa huwashwa ili watu wasife. Makusudio ni mamoja, nayo ni kuhifadhi nafsi, jambo ambalo wanazuoni wamelihesabu miongoni mwa mambo makuu yaliyokusudiwa na sheria. Na ikiwa kuondoa kinachoudhi njiani ni tawi la imani, kuwasha taa katika njia ya majini hakuwezi kuwa nje ya imani.

Jambo hili halikupita kwa urahisi katika kamati yetu. Mzee mmoja tunayemheshimu alisema kazi ya msikiti ni swala, madrasa na mazishi, na mambo ya vyombo wana wenyewe serikalini. Mweka hazina aliuliza ni kwa haki gani sadaka ya mayatima inunue taa za mitumbwi ambayo ni mali ya matajiri, maana ndivyo wavuvi wamwitavyo mwenye mtumbwi. Hoja hii ya pili ilikuwa nzito, nasi tuliikubali. Taa ya chombo ni wajibu wa mwenye chombo, kama kamba ni wajibu wa mwenye ngamia. Tuliamua kwamba mfuko wa msikiti hautanunua taa ya mtumbwi wowote. Utagharimia somo, na kila kijana anayeondoka atapewa tochi moja isiyoingia maji, iliyo mali yake mwenyewe, aivae shingoni. Mzee wetu wa kwanza hakubadili rai, na katika kumbukumbu za kikao tuliandika kwamba hakukubaliana.

Tukaambatanisha sharti: kijana amwombe tajiri taa na jaketi okozi kabla ya kuingia mtumbwini, na asipopewa, asiingie. Ni rahisi kuandika sharti kama hilo ukiwa umekaa juu ya mkeka, kilomita mamia kutoka mwaloni. Vijana wanne waliondoka nalo. Watatu walipata walichoomba, mmoja wao baada ya kungoja siku tatu. Wa nne alipoomba, tajiri wake alimwambia wapo wengi wasiouliza maswali, akamwondoa. Alirudi nyumbani bila mshahara, na hadi tunapoandika yuko shambani kwa baba yake, akisaidia kuvuna vitunguu.

Baba yake alikuja ofisini kwetu. Hakuja na matusi. Alisema: "Katibu, mlimfundisha mwanangu kusema, na kusema kumemnyima kazi. Sasa semeni ninyi." Hatukuwa na la kumjibu isipokuwa kwamba mwanawe yuko hai, na kwamba alichokiomba ni haki. Yeye akajibu kuwa anajua yote mawili, lakini hayalipi ada ya wadogo zake. Alikuwa mkweli, na maneno yake ndiyo yaliyotupeleka kuandika katika gazeti hili.

Kijana mmoja akiomba taa, hufukuzwa. Vijana wa msikiti mmoja wakiomba, huonekana wasumbufu. Lakini kwenye mialo ile ya ziwa hawaendi wa Singida peke yao. Wapo wa Tabora, wa Shinyanga, wa Simiyu, wa Geita, wa Kagera. Misikiti ya mikoa hiyo yote ikiwafundisha vijana wake neno moja, tajiri hatapata mtumbwi mzima wa watu wasiouliza. Mtume (s.a.w.), kwa mapokezi ya Nuuman bin Bashir (r.a.), alitupigia mfano wa watu waliopanga katika jahazi, wengine juu na wengine chini, wa chini wakataka kuitoboa sehemu yao ili wapate maji bila kuwaudhi wa juu. Wakiachwa, wote huangamia. Wakishikwa mikono, wote huokoka. Sisi wa nchi kavu ni watu wa tabaka la juu katika mfano huo. Dagaa tunaowala majumbani mwetu hutoka katika mikono ya walio chini.

Wavuvi wa dagaa wana kalenda ambayo Muislamu hahitaji kufundishwa. Huvua katika siku za giza, mwezi unapokuwa mwembamba. Mbalamwezi ikizidi, taa zao hazivuti tena samaki, nao hupumzika. Mapumziko hayo huziangukia zile siku nyeupe, tarehe 13, 14 na 15 za mwezi, ambazo ni sunna kufunga. Ndizo siku ambazo kijana aliyeko kisiwani yuko nchi kavu na simu yake imewashwa. Mzazi amtafute wakati huo. Baada ya salamu na habari za afya amuulize: mtumbwi wenu una taa gani, na nani huiwasha? Nyavu zikivutwa, nani hutazama nje badala ya kutazama wavu? Tochi yako iko shingoni au imo mkobani? Ukiona nyekundu upande wako wa kulia, unafanyaje?

Kwa mzazi ambaye mwanawe bado hajaondoka, maswali hayo yaulizwe kabla ya kutoa radhi, na majibu yasikilizwe kwa makini kama yanavyosikilizwa majibu ya posa. Kwa maimamu na makatibu wenzetu, somo lote hutosha kwa usiku mmoja, tochi nne na kiwanja chenye giza. Atakayetaka kuwauliza wenye ujuzi, mabaharia wastaafu wapo katika miji mingi, na wengi wao hufurahi kuulizwa.

Tunamuomba Allah (s.w.) amrehemu kijana wetu, amjaalie miongoni mwa mashahidi, ampe subira mama yake, na amfungulie ndugu yetu aliyerudi mlango wa riziki ulio bora kuliko ule uliofungwa. Na awaangazie njia wote walioko majini usiku wa leo.

Wabillahi tawfiq.